Spana Moja, Siku Tatu: Kampuni Iliyorithi Desturi za Visima vya Kwale

Mwaka 2014 kampuni ndogo ya kutengeneza pampu za maji ilianza kazi katika kaunti ya Kwale. Jina lake la biashara ni FundiFix. Vijiji viliilipa ada kila mwezi, vifaa vya elektroniki vilivyofichwa ndani ya mikono ya pampu vilituma ujumbe kwa mtandao wa simu, na fundi alifika kwa pikipiki. Aliyeitazama kwa mbali angeiona kuwa moja tu ya kampuni changa za teknolojia zilizochipuka Kenya baada ya M-Pesa. Lakini desturi zake za kazi zilikuwa na umri mkubwa kuliko yenyewe. Nani aruhusiwe kuifungua pampu, nani ashike pesa, ahadi ipimwe kwa kipimo gani, fundi alipwe kwa lipi: maswali hayo yalikuwa yakiulizwa Diani na Msambweni, huko huko Kwale, kwa miaka 30, na kila jibu lilikuwa limegharimu kitu.

Kampuni nyingi zinazokua hufika siku ambapo wakubwa hujifungia chumbani na kuandika maadili ya kampuni, kisha maadili hayo hubandikwa ukutani. Kisa cha Kwale kinafaa kusimuliwa kwa sababu kilikwenda kinyume. Hapa maadili yalitangulia na kampuni ikafuata.

Maji ya karibu, shida ya mbali

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kwale ilikuwa wilaya ya mkoa wa Pwani yenye sura mbili. Kando ya bahari, Diani, hoteli za watalii zilikuwa zikiongezeka. Upande wa pili wa barabara kuu iendayo Lunga Lunga, kaya nyingi ziliteka maji kwenye visima vya wazi, madimbwi na mito. Kusini zaidi, kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwa kimewaajiri watu kwa miongo kadhaa, kilikuwa kikiyumba. Kilifungwa kabla ya muongo huo kwisha.

Ukanda huo wa pwani haukuwa na ukame wa aina ya Kinango, huko bara, ambako watu hutegemea mabwawa ya mvua. Chini ya mchanga na mawe ya matumbawe ya Diani na Msambweni maji yapo, na mahali pengi hayako chini sana. Shida ilikuwa kuyapandisha juu yakiwa bado safi. Kisima cha wazi huingiwa na kila kinachosombwa na mvua. Madimbwi na vijito hubeba kichocho, na Msambweni imewaona watafiti wa ugonjwa huo wakija na kurudi kwa miaka mingi. Kwa hivyo pampu ya mkono, iliyofungwa juu ya kisima kilichofunikwa, ilionekana kuwa dawa rahisi kwa serikali na wafadhili.

Mwaka 1983 serikali ya Kenya, UNDP na Benki ya Dunia walianza majaribio ya pampu katika maeneo ya Diani na Msambweni. Dunia ilikuwa ndani ya Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi wa Mazingira, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuanzia 1981 hadi 1990, na mradi wa kupima pampu za mkono ulikuwa ukiendeshwa katika nchi 17. Pampu za aina mbalimbali ziliwekwa maabara na vijijini, zikapigwa hadi zivunjike, na kila uvunjikaji ukaandikwa.

Kilichovunjika Kwale hakikuwa chuma peke yake. Pampu za mwanzo zilifungwa kabla ya watu kuulizwa. Gari lilifika, kisima kikachimbwa, wageni wakaondoka. Pampu ilipokwama, wanakijiji walingoja gari lirudi, kwa sababu aliyeileta ndiye aliyekuwa mwenyewe. Ukitazama kwa macho yao, walikuwa na hoja: mtu hatengenezi mali ya serikali, wala hachangii fedha kitu ambacho hajaambiwa ni chake.

Shirika la wanawake na daftari la mweka hazina

Ndipo mradi ukalitafuta shirika la KWAHO, yaani Kenya Water for Health Organisation. Shirika hilo lilizaliwa katika miaka ya 1970 ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, kwa msaada wa UNICEF, na uzoefu wake ulikuwa wa kufanya kazi na vikundi vya akina mama vilivyokwisha kuwepo. Lilipofika Kwale halikuanza na mabomba. Lilianza na mikutano, na likawafunza wanawake wa huko huko kuwa wahamasishaji, watu walioweza kuketi ukumbini kwa mwenzao na kuzungumza Kidigo bila mkalimani.

Kazi yao ilikuwa ya polepole. Kila kijiji kilitakiwa kiunde kamati ya maji, kikubaliane mahali pa kuchimba kisima, kisha kiweke akiba ya matengenezo kabla pampu haijafungwa. Vikundi vilifungua akaunti za benki. Mweka hazina mara nyingi alikuwa mwanamke. Waliochaguliwa kuitunza pampu nao wengi walikuwa wanawake, na sababu haikuwa ya kinadharia: wao na binti zao ndio waliokwenda kisimani asubuhi na jioni, kwa hivyo ndio walioijua pampu, walioisikia ikibadilisha sauti, na walioumia ikikwama.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake. Kumkabidhi mama wa kijiji cha Kwale daftari la hesabu na spana, katika miaka ambayo ufundi wa maji uliaminika kuwa kazi ya wanaume wa wizara, kulikuwa kuhamisha mamlaka. Wazee walibaki na nafasi yao kamatini, na mahali pengi mwenyekiti alikuwa mwanamume, lakini fedha na chuma vilikuwa mikononi mwa wanawake. Mradi ulivyoendelea, Kwale ilianza kutajwa katika ripoti za UNDP kama mfano wa kile kinachotokea watumiaji wanaposhirikishwa, hasa wanawake. Kuanzia 1985 Sweden, kupitia shirika lake la SIDA, iligharamia upanuzi wa kazi hiyo wilayani, na katika miaka kumi iliyofuata mamia ya pampu yalifungwa.

Pampu iliyoumbwa kwa mkono wa mtumiaji

Desturi hiyo isingeshika kama chuma chenyewe kingeikataa. Pampu imara iliyosifika zaidi wakati ule ilikuwa India Mark II, iliyobuniwa India katika miaka ya 1970. Ilivumilia kazi ngumu, lakini kuitengeneza chini ya ardhi kulitaka kunyanyua mabomba mazito ya chuma kutoka kisimani, na hilo lilitaka kikosi cha mafundi, vifaa vingi na gari. Pampu ya namna hiyo huamua yenyewe ni nani bwana wake: yule mwenye gari.

Wahandisi wa mradi walitaka pampu ambayo kijiji kingeweza kuitunza chenyewe. Kichwa chake kilitokana na kazi iliyofanyika Malawi. Sehemu za chini ya ardhi ziliendelezwa na kujaribiwa Kenya, na visima vya Kwale vilikuwa uwanja mkuu wa majaribio hayo. Matokeo yake, katikati ya miaka ya 1980, yalikuwa pampu ya Afridev.

Undani wake unastahili kutazamwa, maana kila kiungo ni jibu la swali la nani ataitengeneza. Bomba linalopandisha maji ni la plastiki, nalo hukaa kisimani. Pistoni hupita ndani yake na kutolewa juu bila kulingʼoa bomba lenyewe, na vali ya chini huvuliwa kwa ndoano inayoshushwa kwa rodi zile zile. Rodi hazifungwi kwa skrubu: huunganishwa kwa kulabu na tundu, hivyo mtu huzitenganisha kwa mikono. Bushi za kichwani ni za plastiki, huwekwa bila kugongwa kwa nyundo. Kazi karibu yote ya kawaida hufanywa kwa spana moja. Kwa kipimo chake cha kawaida pampu huvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45, na kwa ukanda wa Diani na Msambweni hicho kilitosha na kubaki.

Michoro yake haikufungiwa kabati. Iliachwa iwe mali ya umma, na shirika la Skat la St. Gallen, Uswisi, likawa mtunzaji wa vipimo vyake ili kiwanda chochote kiweze kuitengeneza na spea za kiwanda kimoja ziingie kwenye pampu ya kingine. Kutoka hapo Afridev ilienea Malawi, Msumbiji, Ethiopia, Ghana na nchi nyingine, na hata Afghanistan na Pakistan pampu za ukoo wake zinatumika.

Mhandisi anayeamua kwamba spana iwe moja amekwisha kuamua mengi kuhusu wafanyakazi bila kuandika sera yoyote. Ameamua kwamba mama aliyeishia darasa la tatu anaweza kuwa fundi, na kwamba kijiji hakina haja ya kumsubiri bwana mkubwa kutoka Mombasa.

Waswidi walipoondoka

Ufadhili wa SIDA ulikoma mwaka 1995. Kwa hesabu za makaratasi hapakuwa na la kuhofia: kamati zilikuwepo, akaunti zilikuwepo, mafundi wa kijiji walikuwa wamefunzwa. Kilichofuata ni kirefu na hakina tukio moja la kusimulia. Pampu hizo zilizeeka polepole, kila moja kwa namna yake.

Sili ya pistoni ni kitu kidogo cha bei nafuu ambacho kilipaswa kubadilishwa mapema, kabla hakijaisha. Lakini pampu inayotoa maji haimshtui mtu, na kamati iliyokuwa na fedha kidogo ilingoja mpaka maji yakatike. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta zilijengwa nyingi. Maji yenye chumvi au asidi yalikula rodi za chuma. Bomba la plastiki likipasuka kisimani, spana moja haikutosha tena. Aliyefunzwa mwaka 1987 aliolewa kijiji kingine, au alizeeka, au alifariki, na hakuna aliyerudi kumfunza mrithi. Spea zilikuwa mbali au hazikuwepo. Mweka hazina mwaminifu alimwachia daftari mtu mwingine, na kijiji kikaanza kuulizana fedha ziko wapi.

Kwale haikuwa peke yake. Mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulipokusanya takwimu za nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa muongo wa 2000, ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono hazikuwa zikifanya kazi wakati wowote ule. Bara lenye watu karibu milioni 200 wanaotegemea pampu hizo lilikuwa limewaachia wanakijiji kazi ambayo hakuna mji wowote unaowaachia wakazi wake. Mkazi wa Nyali, mjini Mombasa, bomba la mtaani likipasuka, haitishi mkutano wa majirani kuchangisha fedha. Hupiga simu.

Hata hivyo mbegu ya Kwale haikuoza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipoizunguka kaunti hiyo mwaka 2013 wakihesabu pampu, walizikuta nyingine zimekufa, lakini nyingine za zama za Waswidi zilikuwa bado zikitoa maji. Walikuta pia kitu ambacho ni nadra katika vijiji vya Afrika: madaftari ya kamati yenye michango, matengenezo na majina, yaliyoandikwa kwa miongo mingi. Tim Foster na Rob Hope waliyageuza madaftari hayo kuwa utafiti. Yalionyesha wazi kwamba watu hawalipi kwa mazoea tu. Pampu yenye maji ya chumvi hulipiwa kwa shida. Kijiji kinachotoza kwa ndoo hukusanya fedha nyingi zaidi na hutengeneza pampu upesi kuliko kile kinachotoza ada sawa kwa mwezi, lakini njia hiyo ina kasoro yake: kaya zaidi hukwepa kulipa na kurudi kwenye maji yasiyo salama. Kila njia ya kutoza ilikuwa na watu wake iliowaacha nje.

Mkono wa pampu wapata sauti

Wakati madaftari yakifunguliwa Kwale, jambo lingine lilikuwa limeanza Kyuso, upande wa Mwingi katika Kitui. Patrick Thomson, Rob Hope na wenzao wa Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachoingia ndani ya mkono wa pampu. Ndani yake mna kitambuzi cha mwendo, aina ile ile inayoifanya simu ijue kwamba imegeuzwa. Kila mkono unaposhuka na kupanda, kifaa huhesabu. Hesabu hiyo hugeuzwa kuwa makadirio ya lita zilizotolewa saa baada ya saa, kisha hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikinyamaza wakati ambapo kwa kawaida hutumika, mtu aliye mbali anajua.

Kifaa hicho kisingewezekana bila mambo mawili ya Kenya. La kwanza ni mtandao wa simu kufika vijijini. Safaricom ilipoanza biashara mwaka 2000 ilichagua kutoza wateja kwa sekunde wakati mshindani wake Kencell alitoza kwa dakika, na uamuzi huo wa malipo ulieleza vizuri kuliko tangazo lolote kampuni ilimlenga nani: mtu wa kipato kidogo. La pili ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007: kijiji kiliweza sasa kulipa ada bila mweka hazina kupanda matatu na bahasha ya noti.

Huko Kyuso jaribio la mwaka mmoja liliunganisha vifaa hivyo na mafundi waliokuwa tayari kutoka. Awali pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 kabla haijatengenezwa. Katika jaribio hilo wastani ulishuka hadi chini ya siku 3. Mtafiti mwenzao Johanna Koehler alipochunguza malipo ya vijiji hivyo alikuta kwamba watu walioionja huduma ya haraka walikuwa tayari kuilipia mapema na mara kwa mara, kwa sharti kwamba ahadi itimizwe. Umaskini ulikuwapo kweli, lakini sehemu kubwa ya kutolipa ilikuwa kutoamini.

Karibu vifaa 300 vilifungwa kwenye pampu za Kwale. Vilileta habari ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana, mojawapo ikiwa kwamba mvua inaponyesha matumizi ya pampu hushuka, kwa sababu watu huteka maji ya paa na ya madimbwi karibu na nyumba. Wahandisi waligundua pia kwamba mtetemo wa mkono wenyewe hubeba dalili za kina cha maji, na wakaanza kuifunza kompyuta kuusoma. Chini ya mradi wa Gro for GooD, uliotazama maji ya chini ya ardhi ya Kwale kwa kuwashirikisha pia wachimbaji madini wa Base Titanium na kampuni ya sukari ya KISCOL, pampu za akina mama zikawa pia vituo vya kupimia ardhi.

Kampuni na misingi yake

Utafiti una tarehe ya kwisha, na pampu haijui tarehe hiyo. Ndiyo maana kampuni iliundwa: huko Kwale kwa jina la Kwale Handpump Services, na Kitui kwa jina la Miambani, zote mbili zikijulikana kwa jina moja la biashara, FundiFix. Mshirika wake wa Kenya katika utafiti na ushauri alikuwa kampuni ya wahandisi ya Rural Focus.

Kiini cha mkataba kilikuwa siku 3. Pampu ikiharibika, itafanya kazi tena ndani ya muda huo. Kampuni haikuahidi ubora wala moyo wa kujitolea, maneno ambayo hakuna awezaye kuyapima akiwa kisimani. Iliahidi siku, na siku kila mtu anazihesabu. Ahadi ni deni, wasema wahenga, lakini deni lisilo na tarehe halidaiwi.

Kutokana na siku hizo 3 desturi nyingine zote zilifuata kwa lazima. Fundi hawezi kufika ndani ya siku 3 akisubiri gari, basi atapewa pikipiki. Hawezi kutengeneza bila spea, basi spea zitakaa ghalani kabla ya kuhitajika, na fedha za kampuni zitalala humo. Hawezi kusubiri kijiji kichangishe, basi kijiji kitalipa kabla ya uharibifu. Na kama kijiji kinalipa wakati pampu ni nzima, kampuni lazima ionekane hata wakati huo: ikague, isafishe, ibadilishe sili kabla haijaisha.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika namna fundi anavyopata riziki yake. Fundi wa zamani wa kuitwa alilipwa kwa kila pampu iliyoharibika. Hata akiwa mwadilifu kiasi gani, pampu isiyoharibika ilimnyima chakula. Kampuni inayolipwa kwa mwezi hupata faida pampu ikikaa kimya, na hula hasara kila inapoitwa. Hakuna semina ya maadili inayoweza kufanya kazi ambayo hesabu hiyo hufanya kila asubuhi fundi anapowasha pikipiki.

Msingi mwingine ulikuwa kubebeana mzigo. Kijiji kimoja peke yake hakiwezi kuweka akiba ya kutosha kwa ajili ya bomba lililopasuka. Vijiji vingi pamoja vinaweza, kwa sababu havipasukiwi siku moja. Watu wa Kwale hawakuhitaji kufundishwa hilo: ndivyo vyama vya kuzikana vinavyofanya, wote wakichanga bila kujua ni nani atakayefiwa kwanza. Kilichokuwa kigeni ni kuchanga pamoja na kijiji usichokijua, na hapo jina la kampuni na takwimu zake ndizo zilizosimama badala ya ujirani.

Takwimu hizo pia ziliigeukia kampuni yenyewe. Kifaa kinachomwambia meneja kwamba pampu imekufa ndicho kinachomwambia mfadhili kwamba fundi alichelewa. Kampuni changa hupenda kukusanya data za wateja. Hii ilijenga kazi yake juu ya data zinazoishtaki.

Lakini mashine haikuziba kila pengo. Vifaa vya elektroniki huchakaa, betri huisha, na mahali pengine mtandao hukatika. Kamati haikufutwa: ndiyo inayotia saini mkataba, inayokusanya ada na inayojua kwamba pampu inatoa maji lakini kwa kulazimisha. Hapo ndipo thamani ya urithi wa miaka ya 1980 ilipoonekana: mahali palipokuwa na daftari na mweka hazina anayeaminika, palikuwa na mtu wa kutia saini.

Kilichopotea njiani

Historia ya haki haiwezi kuwahesabu walioendelea bila kuwahesabu walioachwa. Afridev iliumbwa ili mama wa kijiji aifungue mwenyewe. Kampuni imeweka fundi wa kuajiriwa mahali pake. Pampu inatengenezwa upesi zaidi, nalo si jambo dogo kwa anayebeba mtungi wa lita 20 kichwani. Lakini ujuzi uliokuwa umesambaa kwa wengi umerudi kukusanyika kwa wachache. Kampuni yoyote inayokua hukutana na hesabu hii: kazi iliyofanywa na wengi kwa moyo wao hukabidhiwa wachache kwa mshahara, huduma hupanda, na wale wengi huwa wateja. Anayetaka kuwa mwaminifu atauliza kama binti za wale watunzaji wa kwanza wamo katika orodha ya wanaoajiriwa.

Pia kuna kijiji kisichoweza kulipa, na pampu yenye maji ya chumvi ambayo hakuna anayeitaka. Biashara tupu ingewaacha hao. Ndiyo sababu tangu mwanzo ada za vijiji zilibeba sehemu tu ya gharama, na mfuko wa udhamini wa matengenezo ukaanzishwa kujaza iliyobaki kulingana na kazi iliyothibitika kufanyika. Baadaye utaratibu huo ulipanuka nje ya Kenya kupitia muungano wa Uptime, ambao FundiFix ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake: watoa huduma katika nchi mbalimbali hulipwa kwa matokeo, yaani kwa siku ambazo maji yalitoka. Kwa miongo mingi wafadhili walilipia visima vipya, wakapiga picha na kuondoka. Kulipia siku ya kawaida, siku ambayo hakuna kilichoharibika, kulitaka mazoea mapya hata Ulaya.

Upande wa serikali sheria zimesogea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ugatuzi wa 2013 uliwapa magavana wajibu wa maji, na Sheria ya Maji ya 2016 ikafungua njia kwa kaunti kuyapanga maji ya vijijini ambako kampuni za maji za miji hazifiki. Kwale, bomba la kampuni ya maji ya kaunti hufika miji na vituo vya biashara, lakini nyuma yake bado kuna vijiji vingi ambavyo pampu ya mkono ndiyo yote viliyonayo.

Hesabu ya nani atakayelipia pampu hizo ndiyo iliyobaki wazi. UNDP na Benki ya Dunia walikuja na kuondoka. SIDA iliondoka 1995. Base Titanium ilifunga uchimbaji wake mwishoni mwa 2024. Fedha za utafiti wa Oxford nazo zina mwisho. Kila mara mwenye fedha alipobadilika, kilichosalia Kwale kilikuwa kile kilichokuwa kimeingia katika mazoea ya watu: pampu inayofunguka kwa spana moja, daftari linaloandikwa, na sasa siku 3 zinazohesabiwa. Kilichokuwa katika ripoti peke yake kiliondoka na ripoti. Ikiwa serikali ya kaunti itaiandika sehemu ile ya gharama ambayo vijiji haviwezi kuibeba katika bajeti yake ya kila mwaka, kama inavyoandika mishahara na barabara, kazi iliyoanza Diani na Msambweni mwaka 1983 itakuwa imepata mwenyewe. Isipoiandika, kampuni itabaki kuwa nzuri kwa muda ambao mtu wa mbali ataendelea kuilipia.